Ukifika Harlem, anzia maktaba

Mara ya kwanza kwenda Harlem, mtaa wa kihistoria wa watu weusi jijini New York, nilikosea mpango. Nilishuka Barabara ya 125, nikapiga picha mbele ya Apollo, ukumbi maarufu wa muziki, nikazunguka madukani hadi miguu ikauma. Jioni nilikuwa na picha tele, lakini ningeulizwa Harlem ni nini nisingekuwa na jibu.

Mara ya pili nilipanda treni namba 2 hadi kituo cha Barabara ya 135. Hapo hapo juu ndipo ilipo Schomburg, maktaba ya umma, na kuingia ni bure. Msingi wake ni vitabu na nyaraka za Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, aliyezikusanya kwa miaka mingi ili asiwepo wa kusema watu weusi hawana historia. Maktaba ya jiji ilizinunua mwaka 1926.

Ukiingia, tazama chini. Sakafuni kuna duara lenye mchoro wa mito, uliotokana na shairi la Langston Hughes, mshairi mweusi wa Marekani, linaloutaja mto Kongo na Nile. Shairi hilo aliliandika akiwa kijana mdogo, hajawahi kukanyaga Afrika. Chini ya duara hilo yamezikwa majivu ya mwili wake. Watu hukatiza juu yake na simu masikioni. Mimi nilishindwa kusogea.

Ukitoka, tembea hadi Barabara ya 138 lilipo kanisa la Abyssinian, lililoanzishwa 1808. Ukienda Jumapili, nenda kusali. Vaa kwa heshima, simu mfukoni, kaa hadi mwisho wa ibada. Niliwahi kuona, katika kanisa moja la huko, wageni wakinyanyuka kundi zima mara kwaya ilipomaliza kuimba, mchungaji ndiyo kwanza anafungua Biblia. Iliniuma.

Ukibakiwa na nguvu, panda kaskazini, nje kidogo ya Harlem, hadi Barabara ya 165. Hapo ndipo ulipokuwa ukumbi wa Audubon. Leo kuna kituo cha kumbukumbu ya Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, na mkewe, Betty Shabazz. Oktoba 1964 Malcolm alikuwa Dar es Salaam. Desemba hiyo hiyo, katika ukumbi huo, alimkaribisha Abdulrahman Babu, Mzanzibari, waziri wa serikali yetu ya Tanzania, azungumze na watu wa Harlem. Februari 21, 1965, humo humo, Malcolm akapigwa risasi akafa.

Pale nilikaa karibu saa nzima.