Kabla kikundi hakijanunua kifaa cha kupima seli za maziwa

Wafugaji wenzangu wa Rungwe huniuliza kama vile vifaa vidogo vya kuhesabu seli kwenye maziwa (seli za kinga, ambazo huongezeka kiwele kikiugua) vinamfaa mtu mwenye ng'ombe wawili watatu. Vinafaa, ila mnunue kama kikundi. Na mkifika dukani, ulizeni bei ya kaseti, yaani kile kijisahani kinachobeba maziwa ndani ya kifaa, kabla ya bei ya kifaa chenyewe. Kaseti hutumika mara moja tu, na ndiyo itakayowala hela.

Halafu ulizeni kinahesabuje. Vipo vinavyofuata kanuni ya Mmarekani Wallace Coulter, aliyepata hataza yake mwaka 1953: seli ikipenya kwenye kitundu chembamba chenye maji ya chumvi yanayopitisha umeme, umeme unayumba, na kadiri seli ilivyo kubwa ndivyo unavyoyumba zaidi. Kwa damu, safi kabisa. Maziwa yana tabu yake: baadhi ya matone ya mafuta yanalingana na seli kwa ukubwa, kwa hiyo yasipoyeyushwa kwanza kwa dawa, siagi inahesabiwa ugonjwa! Kwa kazi ya zizini napendelea kaseti yenye rangi inayoshika kiini cha seli, maana mafuta hayana kiini. Maziwa yanavutwa kwenye mfereji mwembamba, kamera inapiga picha, namba inatoka.

Chuchu yenye afya kwa kawaida husoma chini ya 100,000 kwa mililita. Ikivuka 200,000, shuku ugonjwa wa kiwele hata kama maziwa ni meupe na kiwele hakijavimba. Aliyezaa juzi mwacheni kwanza. Dang'a huwa na seli nyingi.

Pimeni kila chuchu peke yake. Nina ng'ombe ambaye maziwa yake ya ndoo yalisoma vizuri tu, kumbe chuchu ya nyuma kushoto ilikuwa mbaya, zile tatu zinaificha. Michirizi ya kwanza ikamulie kwenye kikombe cheusi uone kama kuna mabonge, futa ncha ya chuchu, ndipo uchukue sampuli. Kwa baridi ya Tukuyu ya Juni na Julai, maziwa yakisimama kidogo mafuta yanapanda juu. Kigeuzegeuze kichupa taratibu, usikitikise. Povu likiingia kwenye mfereji, hiyo kaseti ni ya kutupa.

Hela ikiwa bado, kipo kibao cha CMT (kipimo cha California cha ugonjwa wa kiwele) chenye vikombe vinne: maziwa na dawa kwa kiasi sawa, zungusha, yenye seli nyingi yanavutika kama ute wa yai. Hakikupi namba, lakini kinakuonyesha chuchu ipi. Hata wenye kifaa tunaanza na kibao, kaseti tunaiweka kwa chuchu inayotutia shaka.