Kushuka peke yako bandari za Mediterania: jibu kwa dada aliyeambiwa abaki melini

Dada umesema umeshalipia meli ya wiki moja, inaanzia na kuishia Barcelona, mnapita Marseille, Livorno, Civitavecchia, Napoli na Palma, shosti uliyekuwa uende naye kanyimwa viza, na mama anakwambia bora ubaki melini ule ulale kuliko kuzurura peke yako mji usioujua. Waliotangulia kujibu wengine wanakutisha kama unaenda vitani, na mmoja anakwambia we jiachie tu Ulaya hamna shida. Mi wote siwaungi mkono. Nimefanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye meli za kitalii kontrakti kadhaa na bandari zote hizo nimeshuka mwenyewe, maana zamu hazilingani, ukipata masaa manne ya kupumzika mwenzio yuko kazini, so unashuka peke yako au huoni kitu. Jibu langu ni shuka, tena shuka kila bandari.

Ila kuna kitu kimoja nataka ukishike kuliko vingine vyote, nacho ni muda. Watu wakisikia usalama wa mwanamke wanawaza kutekwa na kubakwa, na sisemi hayo hayapo duniani, lakini mchana kwenye miji hii visa karibu vyote nilivyosikia kwa wenzangu na kwa abiria vilianzia kwenye haraka. Mwanamke mwenye masaa mawili mkononi anaweza kuikataa teksi ambayo hajaielewa, behewa likijaa anaachia treni ipite anasubiri inayofuata, akiona mtu anamfuata anaingia mgahawani anaagiza kahawa anakaa mpaka huyo mtu achoke. Aliyechelewa hana hata kimoja kati ya hivyo. Anapanda gari lolote, anakimbia na simu mkononi ramani iko wazi, anakatiza vichochoro, na vibaka wa bandarini wanamtambua mtu wa hivyo toka mbali.

Sasa muda wenyewe uko hivi. Saa ya kupanda meli inaandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku na kwenye kibao pale ngazini unaposhukia, na mara nyingi ni nusu saa au zaidi kabla meli haijaondoka. Ipige picha. Pia hakikisha saa ya meli na ya mji zinafanana, simu inajibadilisha yenyewe lakini meli inafuata saa aliyotangaza kapteni. Kwenye karatasi hiyohiyo huwa kuna namba ya ajenti wa bandari, yaani mwakilishi wa meli pale mjini, nayo ipige picha alafu iandike na kwenye karatasi kabisa, kwa sababu simu ikiibiwa picha zinaenda nayo. Ukienda na ziara iliyouzwa na meli yenyewe, mkichelewa wanawasubiri au wanawatafutia njia, ukienda kivyako hawasubiri. Mtu asipoonekana walinzi wanatafuta pasi yake, kama meli haikuichukua wanaenda kabini wanafungua sefu, wanamuachia ajenti gatini, kisha meli inang'oa nanga. Kwa ratiba yako angalau bandari zote ziko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ukiachwa utaifuata meli kwa treni au ndege kwa hela yako. Ila mtu mwenye pasi zetu hizi ambaye bandari inayofuata ni Uturuki, anaanza kuhangaikia na viza akiwa kaachwa. Mi kawaida yangu ilikuwa masaa mawili kabla ya saa ya kupanda niwe tayari niko mji wa bandari, nikitaka kutembea zaidi natembea hapohapo karibu.

Civitavecchia ndiko hesabu hii inauma zaidi, kwa sababu meli inasema Roma ila Roma iko mbali, zaidi ya kilomita sabini. Unapanda basi la bandari mpaka Largo della Pace, kituo linapoishia, toka pale unachukua basi jingine au unatembea kama dakika ishirini hadi stesheni, alafu treni ya kawaida mpaka Termini, stesheni kuu ya Roma, ni saa moja na kitu. Kama shida yako kubwa ni Vatican usifike Termini kabisa, shuka Roma San Pietro, ni karibu na kwa mguu unafika, na umeshakwepa stesheni yenye vibaka wengi. Tiketi ya karatasi ya hizo treni lazima uigonge kwenye kimashine kabla hujapanda, usipogonga unapigwa faini hata kama umelipa. Na usiku wa kuamkia siku hiyo angalia kama kuna mgomo, kwao unaitwa sciopero. Siku ya mgomo, kama ni siku ya kazi, treni hizo zinahakikishwa saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 mpaka saa 3 usiku tu. Unaona mtego ulipo, asubuhi unaweza kwenda vizuri tu ila mchana wa kurudi ndo hakuna treni ya uhakika. Siku kama hiyo bora ulipe ziara ya meli au ubaki Civitavecchia penyewe, pana ufukwe na ngome ya zamani.

Wizi. Hapa waliokutisha wana haki, ingawa ni wizi wa vidole, sio wa visu. Barcelona basi la bandari linakushusha kwenye mnara wa Columbus, na hapo ndipo La Rambla inapoanzia, yaani abiria wote wa meli wanamwagwa mahali ambapo vibaka wanawasubiri. Vaa kibegi cha zipu chenye kamba ya kukatiza kifuani na kikae mbele, simu isikae mfuko wa nyuma wala juu ya meza ya mgahawa. Mtu akikuambia umechafuka mgongoni, kuna kitu kimekumwagikia, akaja na tishu akufute, usisimame, endelea kutembea, yeye ndo kakumwagia. Wasichana wenye makaratasi ya kusaini eti ya kuchangia viziwi, pita. Kwenye metro wakati mbaya ni mlango unapotaka kufunga, mtu anajifanya kakwama mbele yako huku mwenzake yuko nyuma, so kaa mbali na mlango.

Alafu wauza bangili. Roma karibu na Colosseum utakutana na vijana wa Afrika Magharibi, watakuita sista, mama Afrika, watataka kukuvalisha kamba mkononi kama zawadi kisha waombe hela. Wasalimie, wengi wanatafuta riziki kama sisi, na mmoja wao aliwahi kunielekeza kituo cha basi vizuri kabisa, ila mikono weka mfukoni na usiruhusu kitu kifungwe.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwenye ushauri wa wasafiri wa kizungu hulikuti kwa sababu wao haliwapati. Mwanamke mweusi akitembea peke yake baadhi ya mitaa ya Italia na Hispania, hasa karibu na stesheni na barabara za bandari, kuna wanaume wanaodhani anajiuza. Mimi bandari moja ya Italia, saa nane mchana, nimevaa suruali na tisheti, gari ilipunguza mwendo ikawa inanifuata sambamba, mzee akateremsha kioo akaniuliza bei. Mwili ulinitetemeka wote, na hasira zilikaa siku nyingi. Nilichofanya nikageuka nikaanza kutembea kinyume na magari yanakoelekea, kwa sababu gari haliwezi kurudi nyuma kirahisi, nikaingia duka la sigara na tiketi, nikasimama karibu na mama aliyekuwa kaunta nikamuonyesha kwa kidole. Yule mama hakujua Kiingereza ila alielewa palepale, akatoka mlangoni akamfokea mpaka akaondoka. Hili likikukuta ujue halihusiani na mavazi yako wala hujakosea popote. Usijibu wala usiombe radhi, geuka uingie mahali penye watu. Famasi yenye msalaba wa kijani, mapokezi ya hoteli, duka, popote penye mtu kaunta. Na kwa sababu hiyohiyo barabara za bandari zenyewe usizitembee giza likiingia, basi likiwepo panda basi.

Namba ya dharura ni 112 nchi zote hizo, bure. Zipo pia laini za wanawake, Italia 1522, Hispania 016, Ufaransa 3919, ila jambo likiwa linatokea muda huohuo piga 112.

Napoli wengi wanaiogopa, mi ndo naipenda kuliko zote. Meli inafunga katikati ya mji, ukitoka getini unaona ngome ya Maschio Angioino mbele yako, huhitaji teksi. Tahadhari ya kule ni pikipiki, begi libebe upande wa ukuta na sio upande wa barabara. Ukitaka Pompei, magofu ya mji wa kale, panda treni ya Circumvesuviana kituo cha Garibaldi, ni dakika kama arobaini, shuka Pompei Scavi, inajaa sana na ina vibaka wake, begi kifuani. Teksi Napoli zina bei maalum zilizopangwa kwa safari fulanifulani, lakini lazima uitaje kabla gari halijaondoka, ukisahau anawasha mita. Na wanawake wa kule wanakaa nje milangoni wanaangalia mtaa, wakikuona umepotea wanakuita wenyewe. Nimejisikia salama kwenye vichochoro vyao kuliko barabara pana za Marseille.

Marseille gati iko kaskazini, mbali na mji, na njia ni ya malori, usitembee, chukua basi mpaka Vieux-Port, bandari ya zamani katikati ya mji, na ubaki maeneo hayo na mtaa wa kale wa Le Panier mchana. Kama unavaa hijabu hamna neno, ila nikabu ya kufunika uso Ufaransa imekatazwa hadharani tangu 2011. Livorno ni bandari ya mizigo, huruhusiwi kutembea ndani, basi linakupeleka mjini, na toka mjini mpaka stesheni bado kuna safari nyingine ya basi. Pisa ni karibu kwa treni, Florence ni kama saa moja na nusu kwenda tu, mtu wa peke yake mara ya kwanza mi namshauri Pisa. Palma hata sikuandikii mengi, pametulia.

Beba kanga moja. Makanisa makubwa kama Mtakatifu Petro hawakuruhusu mabega na magoti wazi, jua nalo ni kali, na ukichoka unakalia. Pasi ya kusafiria mara nyingi meli inaichukua, tembea na kopi pamoja na kadi ya kabini. Simu iweke hali ya ndege mkishaondoka bandarini, la sivyo inanasa mtandao wa melini na bili yake utalia. Ramani ya kila mji ishushe usiku kwa waifai. Mama mtumie lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, ipo ya masaa manane, inatosha siku nzima ya bandari na yeye atatulia.

Na jambo la humohumo melini, nasema kama mtu niliyekuwa ndani. Namba ya kabini usiitaje kwa sauti baa wala kwenye lifti. Mfanyakazi akikuomba mkutane nje bandarini, au akitaka kuja kabini wakati sio kazi yake, kampuni nyingi zinakataza kabisa na yeye anajua. Usimuonee huruma kwamba atafukuzwa, nenda mapokezi useme.

Ukishajua Civitavecchia mnafika siku gani ya wiki niandikie hapa. Ikiwa Ijumaa tuangalie mapema, maana migomo yao ya treni inaangukia sana Ijumaa.