Wati 650 hazitoshi kwa RTX 4090

Ndugu yangu wa Nyegezi, umeuliza kama pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) ya wati 650 itaihimili kompyuta ya michezo yenye kadi ya picha ya NVIDIA RTX 4090 na prosesa ya AMD Ryzen 7 7800X3D. Haitaihimili. Kadi hiyo peke yake imekadiriwa wati 450, prosesa 120, na NVIDIA wenyewe wanashauri angalau wati 850. Mimi ningenunua ya 1000, kwa kuwa kadi huvuta umeme kupita kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hapo ndipo mashine huzima ghafla katikati ya mchezo. Kebo ya umeme ya kadi hiyo, yenye pini 16, isukume hadi usione mwanya wowote, wala usiikunje karibu na kichwa chake kinachochomekwa, maana zisizoingia vizuri zimewahi kuyeyuka.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda, iwe ya aina ya DDR5, kwani prosesa hiyo haipokei aina ya zamani ya DDR4.

Kasha la kompyuta nalo litazame kwa makini: nilipofungua langu hapa Kirumba, Mwanza, chujio la mbele lilikuwa limezibwa na vumbi na mbawa za wadudu wa ziwani, kwa hiyo chagua lenye chujio linalochomoka na kuoshwa.