Msumeno wa Betri Mbele ya Boga

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mpishi wa matunda na saladi katika hoteli moja ya ufuoni, upande wa Bamburi. Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, sikukuu ya Halloween, wageni wetu kutoka Uingereza na Marekani hutarajia kukuta maboga yaliyochongwa sura za watu na kutiwa taa ndani. Mwaka jana nilichonga maboga 8 kwa kisu cha jikoni, nikalala na mkono uliovimba. Mwaka huu nimeagizwa nichonge 30. Fundi wa mbao wa hotelini amekubali kuniazima msumeno wake mdogo wa betri ya volti 18, ule ambao mafundi huuita jigso, nami nimetazama video za watu wanaomaliza boga zima kwa dakika chache. Je, chombo hiki kinafaa kwa kazi hii, na kama kinafaa nikitumie vipi?
Mpishi, Bamburi

JIBU: Ndugu mpishi, kuna wasomaji watakaouliza sikukuu hiyo inatuhusu nini sisi, lakini hilo hukuniuliza, nami nitalipita. Umeniuliza habari za msumeno, na jibu langu ni kwamba unafaa kwa sehemu ndogo ya kazi yako, haufai kwa sehemu kubwa, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuuwasha.

Tuanze na boga lenyewe, kwa sababu ndilo linalofanya video hizo zikupotoshe. Maboga yanayochongwa Marekani mara nyingi ni ya aina zilizozalishwa kwa ajili ya kuchongwa. Moja maarufu ni ile iliyotokana na kazi ya mkulima wa Massachusetts, John Howden, katika miaka ya 1960, nayo ina kikonyo kinene na umbo la kupendeza, ingawa mlaji akiionja hataisifu. Boga utakalolinunua Kongowea halikupandwa ili litazamwe, bali lilipandwa ili liingie katika sufuria ya tui. Mnofu wake ni mnene, ganda lake likikomaa huwa gumu kama ubao, na mara nyingi umbo lake ni la kubonyea, lenye mifereji mirefu inayomzuia mtu kupata mahali palipo sawa pa kuegemeza chombo. Kwa hiyo usipime kasi yako kwa kasi ya mtu wa video.

Sasa tuutazame msumeno. Jigso ilibuniwa kwa ajili ya ubao uliolala kimya juu ya meza. Meno ya bledi yake ya kawaida yanaelekea juu, kwa hiyo hukata bledi inapopanda, na kila inapopanda huuvuta ubao uje ukutane na bamba la chuma lililo chini ya mashine. Bamba hilo likilala sawasawa juu ya mbambakofi, nguvu mbili hukutana zikatulia. Likiwekwa juu ya boga, linagusa mahali padogo tu, hivyo meno yanapong'ata ganda mashine huyumba, na boga nalo huzunguka. Mtu hapo hufanya lile ambalo mkono hulifanya bila kumshauri mwenyewe: huunyoosha mkono wa pili ili alishike boga kwa upande wa pili au kwa ndani, na huko ndiko ncha ya bledi inakotokea. Nyuzi zinazokunja vidole zimepita karibu sana na ngozi, na zikikatwa huhitaji daktari wa upasuaji, kisha miezi ya kufundisha vidole kukunjika upya. Kwa mpishi, hiyo ni riziki.

Kwa sababu hiyo, ukiamua kuutumia, uutumie kufungulia boga tu, usichongee sura. Liweke boga juu ya ngata kubwa ya gunia lililoloweshwa, kama ile waliyotumia bibi zetu kubebea mitungi, ili lisizunguke, kisha lizungushie misumari minne au vipande vya mbao vilivyopigiliwa juu ya ubao wa kufanyia kazi. Usianze kwa kuichomeka bledi katika ganda zima, kwa maana hapo ndipo mashine inaporuka vibaya zaidi. Toboa kwanza tundu la kutosha kupitisha bledi kwa kekee ya betri, ndipo uingize bledi tundumo na uwashe taratibu. Chagua bledi ya meno makubwa ya kukatia mbao, kwa sababu meno madogo huziba kwa mnofu mbichi mara moja. Bledi iwe ndefu kiasi kwamba hata ikiwa imepanda hadi mwisho wa mwendo wake, ambao katika mashine nyingi ni kama sentimita 2 hadi 2.6, ncha yake ibaki imevuka unene wote wa boga. Ikirudi ndani ya mnofu itaugonga ukuta na kuirusha mashine juu. Kile kiswichi cha pembeni kinachoitikisa bledi mbele na nyuma kiweke kwenye sifuri. Mashine hizi hufikia mipigo 3,000 hivi kwa dakika, nawe huhitaji hata nusu yake.

Kata tundu hilo chini ya boga, si juu. Wengi hukata kifuniko kuzunguka kikonyo kwa sababu ndivyo walivyoona picha zikifanywa, lakini boga lililokatwa juu hunywea upesi, na kwa joto la Mombasa litakuwa limekunja uso kabla ya wageni kushuka kwa chakula cha jioni. Likikatwa chini hubaki na kikonyo chake, nawe utaliweka juu ya taa badala ya kuingiza taa ndani yake. Ukilazimishwa kukata juu, lilaze bamba la mashine kwa mshazari ili kifuniko kiwe chembamba kwa ndani; kikikatwa wima kitatumbukia.

Sura yenyewe ichonge kwa msumeno mdogo wa mkono wenye bledi nyembamba, ambao hukata kona za jicho na meno kwa utulivu ambao hakuna mota inayouweza. Nami nina pendekezo litakalokuokolea muda kuliko jigso yoyote: katika maboga yako 30, chonga sura katika 10 tu. Ishirini yaliyobaki yapambe kwa matundu ya kekee ya betri, matundu ya milimita 5, 8 na 12 yaliyopangwa kama nyota na maua ambayo mafundi wetu wa pwani huchonga katika milango. Kekee huingia wima, haina mwendo wa kurudi na kuvuta, boga hutulia, na taa inapopenya katika vitundu mia unapata pambo ambalo mgeni hakuliona kwao. Ninakiri kwamba hapa napendelea, kwa kuwa sura zile zenye meno mapengo sijawahi kuzipenda.

Kuhusu maji na mafuta nina maneno mawili. Boga ni maji kwa takriban asilimia 90, na mashine hupumua kupitia matundu ya kando ya mota, hivyo majimaji yanayorushwa huingia humo. Ikaushe kwa kitambaa kila baada ya boga moja, usiipeleke bombani hata kidogo, na itoe betri kabla ya kubadilisha bledi au kuikwangua. Pili, msumeno wa fundi una grisi na vumbi la mbao. Nunua bledi mpya, ioshe kwa sabuni na maji moto, na hata hivyo kile kipande ilichokipitia kisiingie jikoni. Mnofu uliokwangua kwa kijiko ukiwa mbichi, siku ileile, ni halali ya sufuria, na sioni sababu ya kutupa kilo nyingi za chakula wakati wafanyakazi wenzako wangefurahia boga la nazi. Lililokwisha kukaa nje usiku kucha likiwa wazi ni la kutupwa.

Chonga tarehe 30 jioni na uyahifadhi katika chumba cha baridi. Na ikiwa ukumbi wenu umeezekwa makuti, kama kumbi nyingi za ufuoni, usithubutu kuweka mshumaa ndani ya boga lolote. Tumia vitaa vidogo vya betri.

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 ameletewa na mjomba wake kijisumeno cha plastiki cha kuchongea boga kinachotumia betri mbili za tochi. Je, nimwachie?
Mama wa Mtwapa

JIBU: Dada yangu, chombo hicho si cha kutisha kwa nguvu zake, bali kwa udhaifu wake. Mbele ya ganda la boga letu kitasimama, mtoto atakikandamiza, nacho kitateleza kuelekea mkono uliolishika boga. Ganda likate wewe, na utoboe matundu ya kuanzia. Yeye mwachie kuchora sura kwa kalamu, kukwangua nyuzinyuzi na mbegu kwa kijiko, na baada ya hapo mwache akijaribu kijisumeno chake kwenye mumunye changa, ambayo ganda lake ni laini, nawe ukiwa umeketi mkabala naye.