Birika limeota chokaa, shawa inapiga shoti: Mjomba Fundi anajibu

*Shikamoo mjomba. Nimehamia Dodoma kikazi mwaka jana, naishi Area C. Nilikuja na birika langu la umeme nililotumia Dar miaka mitatu bila shida, huku miezi minne tu limeota magamba meupe ndani, ukimimina chai unaona vipande vinaelea, na siku hizi hata kuchemka linachelewa. Pasi ya mvuke nayo inatema unga mweupe, juzi imeniharibia sketi nyeusi asubuhi naenda kazini. Fundi wa mtaani kasema birika ni feki ninunue lingine. Na je, haya maji hayatatuletea mawe kwenye figo? – Mama Wawili, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Usinunue birika lingine, maana hilo jipya nalo litaota hivohivo, shida ni maji. Dar ulikuwa unachemsha maji ya mto, Ruvu, na huko uliko maji ya bomba mengi yanatoka visima vya Makutupora, yaani maji yaliyokaa chini ya ardhi muda mrefu. Mvua ikizama kwenye udongo inachukua hewa ya kaboni dioksaidi, maji yanapata ukali kidogo, basi yanapita yanalamba kalsiamu na magnesiamu kwenye mawe mdogomdogo mpaka yanashiba. Ukiyaangalia kwenye glasi ni safi kabisa. Sasa wewe ukiyapasha moto ile hewa inatoka, na kalsiamu ikikosa wa kuishikilia inaganda kuwa chokaa, na inaganda pale penye joto kali zaidi, kwenye elementi. Ndo maana birika linachelewa, moto unapigana kwanza na ukuta wa chokaa kabla ya kuyafikia maji, luku inakimbia na elementi yenyewe inapata joto kupita kiasi mpaka siku moja inakatika.

Dawa yake iko sokoni. Kamua ndimu tano sita, au weka siki nyeupe kikombe kimoja, jaza maji mpaka yafunike magamba, chemsha, chomoa kwenye umeme, acha saa moja. Utasikia inachemka-chemka yenyewe, hiyo ni asidi inakula chokaa. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Fanya hivo kila baada ya wiki tatu kabla magamba hayajawa mawe, na usikwangue na kisu wala stilwaya. Na tafadhali sana, usichanganye ndimu au siki na jiki eti ing'ae zaidi, inatoka hewa ya klorini inayokaba mapafu.

Pasi ipe maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi. Mvua Dodoma ni msimu mmoja tu, lakini piga hesabu, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 20 ni kama lita 1,200, toa zinazopotea na zile za mwanzo zenye vumbi, bado pasi na birika vina maji ya miezi. Ukikosa, nunua maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chokaa, ila soma chupa vizuri, maana madukani wanasema "maji ya betri" na humo kuna maji na kuna tindikali, sitaki uimimine tindikali kwenye pasi halafu unitafute mimi.

Kuhusu figo, Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, halijaona ushahidi wa kuridhisha kwamba yanadhuru. Kunyweni tu.

*Mjomba mambo vipi, mimi niko Kigamboni, nyumba ya kupanga, tunatumia kisima cha mwenye nyumba. Maji ya chumvi mpaka mdomoni. Shawa ya moto imekufa mara mbili mwaka huu na kuna siku nikigusa koki napigwa shoti. Nimeweka siki kama mnavyosema lakini wapi. – Kaka wa Kigamboni*

Poa mpwa. Huku kwetu kila maji yasiyotoa povu tunayaita maji ya chumvi, lakini ni magonjwa mawili. La Dodoma ni chokaa, inaziba. Lako ni chumvi yenyewe, ile ya bahari inayoingia visimani ukanda wa pwani, hiyo haizibi, inakula chuma. Pima hivi: kwangua ule weupe, dondoshea ndimu. Ikitoa mapovu ni chokaa. Ikiyeyuka kimya hata kwa maji matupu ni chumvi, na hapo siki utamwaga bure.

Hiyo shoti usiizoee! Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi, elementi ikishaliwa ganda umeme unatembea na maji mpaka kichwani kwako. Zima kabisa leo, oga ya ndoo. Mwambie mwenye nyumba alete fundi umeme aangalie waya wa ethi na aweke breka inayokata umeme ukivuja, halafu ndo mnunue shawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, zipo, elementi yake imefunikwa. Za bei rahisi zenye waya wazi hazifai kisima chako hata ukipewa bure.

*Mjomba, maharage hayaivi huku, gesi inaisha. Ni maji pia? – Bibi Harusi, Dodoma*

Ni maji, bibie. Kalsiamu inakaza ganda la maharage. Loweka usiku kucha kwa maji ya mvua, au weka magadi ncha ya kijiko, usizidishe maana mchuzi utakuwa na ladha ya sabuni na mume atauliza.