Moshi hadi Dar na watoto wawili garini

Pole dada. Umesema mnarudi Dar kutoka Moshi baada ya sikukuu, baba anaendesha peke yake, na mdogo wa miaka 2 alitapika njia nzima mlipokuja. Nimeipita hiyo na wangu watatu.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wabebwe wakiwa bado usingizini. Mkifika Same jua ndiyo linachomoza. Asubuhi usimpe maziwa wala chapati za mafuta. Mkate mkavu na maji kidogo kidogo vinatosha. Simu ficha kabisa! Katuni ndizo zilizomtapisha wangu, kuliko hata kona. Fungua dirisha kidogo, aangalie mbele. Weka karibu mifuko ya kutapikia, kanga kuukuu na nguo za kubadili, siyo kwenye buti chini ya ndizi za bibi.

Simameni Mombo, kisha Segera, watoto wakimbie dakika ishirini. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Baba akianza kupiga miayo, laleni Korogwe. Chumba cha gesti ni nafuu kuliko mnavyofikiria.

Mtoto asipakatwe kiti cha mbele, hata akilia vipi. Dawa ya kuzuia kutapika usinunue kwa kubahatisha, nyingine hazifai umri wake. Muulize daktari kabla ya safari. Akiendelea kutapika hata gari likisimama, akalegea au akakaa saa nyingi bila kukojoa, ingieni hospitali iliyo karibu, msisubiri Dar.