Jibu: Fairlady Z haionyeshi bodaboda wa ubavuni, nifanyeje?

Mkuu, nguzo nene za nyuma zinazoshika paa la hiyo Nissan Z ndizo zinazokuziba, na huwezi kuziondoa, kwa hiyo anza na saiti mira, yaani vioo vya pembeni. Wengi huzitega zionyeshe ubavu wa gari lao wenyewe, na hapo ndipo bodaboda anapotea. Gari likiwa limesimama, egemeza kichwa kwenye dirisha lako la kulia, kisha sukuma saiti mira ya kulia nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu. Halafu inamia katikati, usawa wa kioo cha ndani, utege ya kushoto vivyo hivyo. Ukitega sawasawa, gari linalokupita litaingia kwenye saiti mira kabla halijatoka kwenye kioo cha ndani.

Kushoto ndiko kubaya zaidi, maana bodaboda na bajaji hupenya huko, hasa kwenye kipilefti. Bandika kioo kidogo cha mbinuko (kilichobinuka kwa nje) cha sm 5 kwenye kona ya juu ya saiti mira ya kushoto, upande wa nje. Safisha kwanza kwa spiriti. Vumbi letu la Dodoma hubandua gundi haraka. Kioo hicho huonyesha vitu viko mbali kuliko vilivyo, kwa hiyo usikitumie kupima umbali. Kamera ya nyuma ni ya kurudi rivasi tu. Kabla ya kuhama njia, geuza shingo, tafadhali sana.